Kumi na Mbili Gawa kwa Ampea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Mvua hainisumbui, bati la karakana ni zima. Kinachonisumbua ni kichwa. Tangu mume wangu afariki mwaka jana naweka kila kitu humo, na sasa kimejaa. Tena mtu anayeishi na watu inafaa aandike, maana watu hubadilisha maneno ukishawapa kisogo.

Kazi yetu ni kusuka mota. Mota ikiungua, tunatoa waya wa shaba ulioungua tumboni mwake, tunasuka koili mpya. Tuko wawili: mimi, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Yeye anasuka, mimi napima. Mtaani wananiita Mama Koili, na yeye wanamwita Taratibu, kwa jinsi anavyofanya kila jambo kana kwamba siku ina saa arobaini. Mradi wa maji umetupa mota za pampu, zote za aina moja, msimu mzima wa mvua.

Napima kama alivyonifundisha marehemu. Unachukua betri ya gari, ile inayojazwa na sola ya juu ya bati, unaiunganisha na koili, unaweka mita katikati usome ampea. Betri ni volti kumi na mbili, imeandikwa ubavuni. Kumi na mbili gawa kwa ampea, umepata ukinzani wa waya, kwa omu. Kumi na mbili zidisha kwa ampea, umepata nguvu. Mota ya leo imevuta ampea mbili: omu sita, wati ishirini na nne. Ndivyo inavyotakiwa. Waya ukiwa mwembamba, umeme unapita kwa taabu, ampea zinashuka, omu zinapanda. Hesabu haina shemeji.

Jumatano, 6 Machi

Mota ya pili. Ampea mbili, omu sita. Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Mhandisi wa maji amekuja na matope hadi magotini. Akasema mvua zikiisha watakuwa na fundi wao wa kudumu pale kwenye mitambo. "Huyu shemeji yako, mama, unamdhamini?"

"Nitakujibu mvua zikiisha."

Shemeji alikuwa nje anakwangua kutu. Mhandisi alipoondoka akaingia kuuliza alitaka nini.

"Kaja kuangalia mota zake."

"Muda wote huo?"

Kwa nini alikuwa anahesabu muda? Mtu asiye na lake hahesabu muda wa mgeni wa mwenzake.

Ijumaa, 15 Machi

Ampea moja nukta tisa. Nikagawanya mara mbili: omu sita na nukta tatu.

"Mbona imepanda?" nikamuuliza.

"Labda betri, shemeji. Imezeeka hiyo. Tungetafuta nyingine."

Nikamtazama vizuri. Muuza nyama akikwambia mizani imeharibika, hakikisha nyama yako kwanza. Betri hiyo marehemu aliitumia huyu bwana akiwa bado hajui koleo linashikwaje. Nikamwambia betri ni kumi na mbili na itabaki kumi na mbili. Akarudi kwenye kazi yake bila neno. Na ukimya wake nao una namna yake.

Jumanne, 19 Machi

Siku ya tano jua halijaonekana. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 22 Machi

Moja nukta nane. Omu sita na nukta saba.

Safari hii sikusema kitu. Nilingoja aende kula, nikachukua mikrometa nikapima unene wa waya kwenye ncha zote mbili za koili. Sawasawa, hata unywele haukupungua. Nikaona haya kidogo. Nikiwa naosha mikono ndipo lilipokuja: ncha anaacha nene, katikati anaunga mwembamba, ule mnene auuze! Nani atapasua mota akaangalie katikati? Kumbe mwizi akijua kazi ni balaa. Roli za waya mzuri zimo kabatini, na ufunguo tunao wawili.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepita kwa mama mkwe, anakokaa na shemeji. Nikamuuliza, kama mazungumzo tu, huyu mwanawe utotoni alikuwa na mkono mrefu?

"Sukari," akasema. "Walikuwa wanaiba sukari wote wawili. Mumeo ndiye aliyekuwa anamtuma mwenzake."

Sikuuliza hilo.

Alhamisi, 28 Machi

Nimebeba roli ya waya chini ya kanga mpaka kwa muuza nafaka, nikaipima. Uzito uliopungua ni ule ule wa shaba iliyoingia kwenye mota. Nikatoka dukani moyo mweupe. Nilikuwa sijafika kona nikakumbuka kwamba muuza nafaka huyo ndiye anayecheza drafti na shemeji kila Jumapili. Moyo ukarudi pale pale. Jamani, mtu akamwamini nani?

Jumanne, 2 Aprili

Moja nukta saba. Omu saba na ushee.

Leo nimemkagua mfuko anapoondoka. Nilimwambia ni utaratibu mpya wa karakana. Karakana ya watu wawili! Akaufungua. Sahani, shati, bisibisi yake, na karatasi aliyochora koili ya mota kubwa ambayo sisi hatujawahi kuletewa.

"Hii ya nani?"

"Najifunza tu, shemeji."

Anajifunzia nani? Anataka kufungua karakana yake kwa waya wangu, ndivyo ninavyoona.

Ijumaa, 5 Aprili

Sasa anaufungua mfuko mwenyewe kabla sijasema. Nalo hili limenikera.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Ananisalimia, namjibu. Basi.

Ijumaa, 12 Aprili

Moja nukta sita.

Nimegawanya kwenye daftari, nikagawanya kwenye kiganja, nikagawanya kwenye simu. Omu saba na nusu. Nguvu wati kumi na tisa, wakati mota hizi zilikuwa zinavuta ishirini na nne. Kila mota mbaya kuliko iliyotangulia, kama mtu anayeonja mchuzi: kijiko, kijiko, mwisho anabeba sufuria. Nimeita kikao cha familia kesho.

Jumamosi, 13 Aprili

Tulikuwa watu saba sebuleni kwa mama mkwe. Mimi, shemeji, mama mkwe, wifi na mumewe, na baba wadogo wawili wa shemeji. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tunaongea kwa kupaza sauti, kwa hiyo hata majirani watakuwa wamefaidi.

Nikasimama na daftari. Nikawasomea: mbili, moja nukta tisa, nukta nane, nukta saba, nukta sita. Nikawaeleza kwamba ampea zikishuka waya ni mwembamba, na kama waya ni mwembamba basi ule mnene umekwenda mahali. Sikutukana. Nilisema tu, "Shaba haina miguu."

Yule mkubwa wa baba wadogo akamgeukia shemeji. "Unajibu nini?"

Shemeji akajibu kwa taratibu yake ile ile. "Nimesuka mota zote kama alivyonifundisha kaka. Shemeji apime betri."

"Betri ni kumi na mbili!" nikapiga kelele. "Imeandikwa! Wewe hesabu ikikubana unaikimbilia betri!"

Mama mkwe akasema, "Mimi hizo omu zenu sizijui. Mwanangu namjua."

Nami nikamjibu, mbele ya wote, "Kila mama anamjua mwanawe, mama, na jela zimejaa."

Wifi akaangalia chini. Shemeji akatoa ufunguo wa karakana mfukoni, akauweka juu ya daftari langu, akachukua mwavuli wa mama yake akatoka. Wazee wakasema atapumzika kazi mpaka ukweli ujulikane, lakini ukweli ninao, nimeuandika.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekula vizuri. Naandika hili nisije baadaye nikadai nilikosa hamu ya chakula.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeenda kwenye mitambo ya maji. Nikamwambia mhandisi simdhamini shemeji, na nikaapa kwamba nina ushahidi.

"Lakini mota zenu zinafanya kazi vizuri, mama."

"Waya mwembamba hauungui siku moja. Subiri."

Alikuwa ameandika jina la shemeji kwenye karatasi. Akalikata kwa kalamu, mistari miwili. Nikarudi nyumbani kwa miguu ingawa matope yalikuwa mengi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mota mbili za shemeji bado ziko hapa zinangoja kuchukuliwa, na nyingine imeletwa. Nitaisuka mwenyewe. Nimefungua roli mpya yenye lakiri ya kiwandani. Sitaki mtu aseme.

Jumanne, 23 Aprili

Vidole vimechanika. Nilikuwa nimesahau kazi hii ilivyo. Mizunguko themanini kila koili, ukikosea mmoja unaanza upya, na mgongo unauma kama wa kuazima. Na huyu alikuwa anasuka msimu mzima, hakulalamika.

Alhamisi, 25 Aprili

Nianzie wapi?

Nilimaliza saa tano asubuhi. Nikaunganisha betri, nikaweka mita, nikaandaa kalamu niandike mbili. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye moja na nusu.

Nikakaza viungo. Moja na nusu. Kumi na mbili gawa kwa moja na nusu ni nane. Omu nane! Waya kutoka kwenye roli yenye lakiri, uliosukwa na mikono yangu hii, mlango nimefunga, hakuna aliyeingia. Kwa hesabu yangu mwenyewe, mwizi kuliko wezi wote ni mimi.

Nikakaa juu ya ndoo. Kisha nikavuka barabara kwa fundi wa redio, tunayemwita Masafa, nikamwomba mita yake. Sisi tuna moja tu, ile ya marehemu, na siku zote tunaiweka kwenye ampea.

"Unapima kwa volti ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na mbili."

"Umezipima?"

"Zimeandikwa kwenye betri."

Masafa alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Koili, hata kitambulisho changu kina picha ya kijana mwenye nywele." Ana upara hadi kisogoni.

Tulirudi naye. Betri ikiwa peke yake, mita yake ilisema kumi na moja na ushee, nikamwona kama hana jipya. "Sasa ipe kazi," akasema. Nikaunganisha koili. Volti zikaporomoka nikiziona kwa macho yangu: kumi, tisa na nusu, tisa. Zikatulia kwenye tisa. Mita yangu nayo: ampea moja na nusu.

Tisa gawa kwa moja na nusu ni sita.

Omu sita. Nguvu wati kumi na tatu na nusu, wala si kumi na nane nilizokuwa tayari kuziapia.

Nikazileta zile mota mbili za shemeji, zile za nukta saba na nukta sita. Masafa akanishikia waya. Ya kwanza: volti tisa, ampea moja na nusu. Sita. Ya pili: sita. Masafa akatoka nje akaangalia juu ya bati, akarudi amelowa. "Hiyo sola haijaona jua tangu mwezi wa tatu, tena imeota ukungu. Betri imekuwa ikishuka kila siku, na wewe unagawanya kumi na mbili ile ile."

Alipoondoka nililia. Nimemvua mtu nguo mbele ya watu saba kwa sababu ya mawingu. Aliniambia mara mbili. Mara mbili! Na mara zote mbili nilihesabu kuwa huo nao ni ushahidi.

Ijumaa, 26 Aprili

Kwa mama mkwe hakuwepo. "Yuko kwenye mitaro," mama akasema, wala hakunikaribisha kukaa. Sikustahili kiti.

Nilimkuta anachimba mtaro wa mabomba ya mradi ule ule wa maji, kibarua, maji yamefika magotini. Nikasimama juu ya kifusi.

"Shemeji, nimekosa. Betri ilikuwa imekwisha. Mota zako zote ni nzima."

Aliendelea kuchota matope sepetu mbili tatu. "Sawa, shemeji."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ulinisema mbele ya watu saba, na kwa mhandisi. Sasa unakuja kunisafisha huku mtaroni, mimi na vyura."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 27 Aprili

Kikao. Watu saba wale wale, nimewafuata mmoja mmoja. Nilibeba betri, koili na mita mbili, nikawapimia pale pale sebuleni. Nikasema kwa mdomo wangu: hakuiba, nilikosea mimi, na alinionya nikamfokea. Kisha nikapiga magoti mbele ya mama mkwe kwa lile neno la jela.

"Inuka, sakafu ina maji," akasema.

Baba mdogo akauliza kama basi kijana atarudi karakanani. Shemeji akasema hapana. Bila hasira, kama anayekataa chai.

Jumatatu, 29 Aprili

Mhandisi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaegemea kiti.

"Mama, juzi uliapa kwamba ni mwizi. Leo unaapa kwamba si mwizi. Nishike kiapo kipi?"

Mimi huyu, niliyepima watu msimu mzima, sasa neno langu ndilo halina uzito. Na alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningemtoa nje mtu kama mimi.

"Usishike hata kimoja," nikamwambia. "Shika mita."

Jumanne, 30 Aprili

Tumepima kwenye mitambo. Nilikataa kugusa chochote, nilisimama mlangoni na mikono nyuma. Walizima pampu zenye mota alizosuka shemeji, wakatumia betri yao. Mhandisi mwenyewe alishika mita ya volti, msaidizi wake ya ampea, wakasoma zote kwa wakati mmoja, akagawanya kwenye kiganja kwa kalamu. Sita. Mota ya pili, sita. Ya tatu, tano nukta tisa.

"Hii imepungua," nikasema. Mdomo huu jamani, haufundishiki!

Mhandisi akanitazama hadi nikaona aibu. "Mama, hiyo ni mshale tu umetikisika." Akasoma tena. Sita.

"Mwambie aje Jumatatu," akasema.

Ijumaa, 3 Mei

Nilimtuma Masafa ampelekee habari. Nilitaka kwenda mwenyewe, nikaona nitakuwa kama nadai shukrani.

Alhamisi, 9 Mei

Jua. Nimepanda juu ya bati nikaisugua sola. Nimeandika kwenye ukuta wa karakana kwa chaki: PIMA ZOTE MBILI. Nasuka peke yangu. Siku nzima hakuna wa kumsema, na sikujua kwamba hilo nalo ni aina ya njaa.

Jumamosi, 18 Mei

Mama mkwe amekuja karakanani, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Akakaa, akalalamika magoti, akanywa chai yangu. Anapoondoka akatoa karatasi kwenye fundo la kanga.

"Shemeji yako kasema nikupe."

Mwandiko wake, mzuri, wa polepole. Hakuna salamu. "Mota ya kwanza niliyosuka huku mitamboni. Volti kumi na moja nukta nne. Ampea moja nukta tisa." Basi, hakuna zaidi. Jibu hakuliandika.

Nilisimama nayo. Ni kejeli? Au ananirudishia kazi yangu, yeye anasuka na mimi napima, hata kwa mbali? Niliigeuza nyuma kutafuta neno jingine. Hakuna. Kalamu ilikuwa mezani, kiganja ki wazi, na hesabu yenyewe ni ya sekunde tatu. Nilikwishaanza kuipiga kichwani bila kutaka, nikajikatiza kwa kumwita mama kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Kasemaje?" akauliza.

"Kasema mota yake ya kwanza imetoka."

"Ni nzima?"

"Nzima, mama."

Akanitazama, kisha akatazama kalamu. "Umepiga hesabu saa ngapi?"

"Sijapiga," nikamwambia.